Kablasha Lisilofunguliwa

Nilipopitishwa kwenda kwenye mkutano wa wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, nauli na posho yangu vilitoka kwenye fungu la kununulia vitabu. Maktaba yetu ya pwani ni ndogo, na mwaka ule watoto hawakupata kitabu kipya hata kimoja. Mkutano huo, ambao wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1974, huwa kila baada ya miaka miwili. Kwa mtu wa maktaba kama yetu, zamu ikishapita huenda isirudi tena.

Siku ya ufunguzi nilikaa ukumbini na nikapiga picha na mgeni rasmi. Siku ya pili mchana kulikuwa na mada ya kuokoa vitabu vilivyolowa maji. Nikaona hayo ni mambo ya maktaba kubwa, nikaenda sokoni kununua vitenge. Jioni niliwakuta wenzangu bado wanazungumzia Florence, Italia: jinsi mto Arno ulivyofurika Novemba 1966 ukaingia Maktaba ya Taifa, na vijana kutoka nchi mbalimbali wakajipanga mstari kupokezana vitabu vilivyojaa tope. Nilisikiliza nusunusu. Nikarudi nyumbani na cheti cha ushiriki na kablasha ambalo sikulifungua.

Masika iliyofuata, bati moja liling'oka usiku. Asubuhi tulikuta kabati la kumbukumbu limelowa chepechepe. Humo mlikuwa na majuzuu 11 ya Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, tuliyoachiwa na familia ya mwalimu mmoja mstaafu. Nikaagiza yote yaanikwe juani uani, pamoja na atlasi za picha za rangi. Wachuuzi wa samaki wa ng'ambo ya barabara walikuja kutusaidia kubeba.

Hadi jioni majalada yalikuwa yamejikunja kama ng'onda. Nje pakavu, ndani maji. Atlasi ziligandamana kurasa kwa kurasa zikawa kama tofali. Ukivuta ukurasa, ramani inabaki upande wa pili. Siku ya nne nilifungua juzuu la kwanza nikakuta kuvu ya kijani imetambaa juu ya barua za wasomaji, watu walioandika kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Mhudumu wetu alikuwa amesimama kando yangu. Akaniuliza kwa upole, "Dada, kule mkutanoni hamkufundishwa la kufanya?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipofungua kablasha. Maelezo yalikuwa kurasa nne tu: karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hivi, usianike kwenye jua kali, usibandue kurasa zilizolowa, usipoweza kukausha zote haraka, vifunge vitabu kwa plastiki uvigandishe kwenye friza, baridi itavishikilia mpaka upate nafasi ya kuvishughulikia kimoja kimoja.

Wachuuzi wale wana friza mbili kubwa. Ni hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na wasingetunyima.

Majuzuu 9 tuliyateketeza, yasiambukize mengine. Wewe unayefunga mizigo kwenda mkutano ujao, kumbuka kuwa nauli hiyo ni vitabu vya watoto wa mji wako. Nakusihi, ingia ukumbini.