Aliyejidhuru kwa Unga, Je, Anyimwe Kiungo?

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemkirimu mwanadamu kwa kumuumba, kisha akamkirimu tena kwa kumfungulia mlango wa toba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Tumeletewa suala na ndugu zetu wa pwani waliohamia Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, mji ulio kando ya barabara iendayo Namanga. Wasema kwamba wana kijana wao aliyetumia unga kwa miaka kadha, kisha akauacha. Sasa figo zake zote mbili zimeharibika, naye husafishwa damu kwa mashine mara mbili kila juma. Dada yake wa tumbo moja yu tayari kumtolea figo yake moja. Wazee wa ukoo wamekataa. Mjomba wao amesema kwamba aliyejiangamiza kwa mkono wake hana haki ya kiungo cha mtu mwema, na ya kwamba hata huko Ulaya walevi hufutwa katika daftari la wanaongojea viungo. Twaulizwa: Je, neno hili la mjomba ni katika dini?

Ndugu zetu, suala hili limetoka Kitengela, lakini mwenyewe ni wa Mombasa, na Malindi, na Lamu. Ni mitaa mingapi kwetu isiyokuwa na kijana aitwaye teja? Basi asilisome mtu kama khabari ya jirani. Ukimwona mwenzio anyolewa, tia chako maji.

Kwanza yatupasa tujue mambo yalivyo. Katika nchi za Ulaya na Marekani viungo vingi hutolewa kwa watu waliokufa, na wagonjwa huandikwa katika daftari wakangoja zamu. Kwetu Kenya figo hutolewa na mtu aliye hai, na aghlabu ni jamaa wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mtoaji aridhie mwenyewe, na yakataza kuuza viungo. Kwa hivyo daftari letu sisi ni ukoo, na karani afutaye jina ni mjomba. Daktari bado hajasema neno, na jina limekwisha kufutwa barazani!

Ama asili ya jambo lenyewe, maulamaa wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Jeddah mwaka 1988, wakajuzisha mtu aliye hai kumtolea mwenzake kiungo kwa masharti: aridhie kwa hiari yake, asidhurike dhara ya kumharibia maisha yake, iwe kuna haja ya kweli, wala kiungo kisiuzwe. Katika masharti hayo hatukuona sharti la kuwa mgonjwa awe hakupata kufanya dhambi.

Atakayesema, “Lakini fiqhi yetu yamnyima mwenye maasi rukhsa,” tutamwambia umesema neno lenye uzito, nasi hatutalificha. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu asafiriye safari ya maasi, kama aliyetoka kwenda kukata njia, hapunguzi sala, wala hali mzoga akishikwa na njaa, mpaka atubu. Hii ndiyo hoja kubwa awezayo kuishika mjomba, lakini na aishike yote. Maulamaa hao hao wamesema kwamba akitubu hapo alipo, rukhsa yake humrudia. Hawakumwambia arudi kwao kwanza, wala hawakumhisabia miezi. Na kijana huyu, kwa maneno ya wazee wenyewe, ameacha. Wamnyima kwa safari ambayo amekwisha kuikata!

Tena, someni mlango wa tayammum. Mtu akiwa na maji kidogo, na karibu yake pana mnyama mwenye kiu ambaye uhai wake una heshima katika sheria, atampa mnyama maji yale naye atatayammam. Maulamaa wakataja wale ambao uhai wao hauna heshima hiyo, wala mlevi hawakumtia miongoni mwao. Ikiwa maji ya udhu huachwa kwa ajili ya mnyama, vipi tumwone Muislamu aliyetubia kuwa hastahiki huruma ya dada yake?

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari imekuja khabari ya mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa ulevi, na kila mara akiadhibiwa. Mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Angalieni: adhabu haikuondolewa, wala udugu haukuondolewa. Adhabu ina mahali pake, na mahali pake si mlangoni kwa tabibu.

Ama hoja ya Ulaya, nayo tuipime kwa insafu. Ni kweli kwamba hospitali nyingi za huko na za Marekani kwa miaka mingi ziliwataka wagonjwa wa ini walioharibiwa na pombe wakae miezi sita bila ya kunywa kabla ya kupandikizwa. Lakini mwaka 2011 matabibu wa Ufaransa na wenzao walitangaza khabari za wagonjwa 26 waliochaguliwa kwa uangalifu, wakapandikizwa ini bila ya kungojewa miezi hiyo. Baada ya miezi sita walikuwa hai kiasi cha 77 katika kila 100, na katika wagonjwa mfano wao wasiopandikizwa walibaki 23 tu katika kila 100. Watatu katika wale 26 walirudia pombe baadaye. Na katika jimbo la California mwaka 2015 ilitungwa sheria kwamba mgonjwa atumiaye bangi kwa amri ya tabibu asinyimwe kiungo kwa sababu hiyo peke yake. Basi hao Wazungu ambao mjomba awatolea ushahidi, wenyewe wamo katika kuyarudia maneno yao.

Wala hatusemi kwamba hakuna khofu. George Best, mcheza mpira mashuhuri wa Uingereza, alipandikizwa ini mwaka 2002, akarudia ulevi, akafa mwaka 2005. Mwenye kupandikizwa figo hulazimika kumeza dawa kila siku, maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ngeni. Akizipuuza, figo huharibika, na aliyeitoa hawezi kurudishiwa. Kwa hivyo tabibu akisema, “Mtu huyu bado yumo katika unga, na atibiwe unga kwanza,” hilo ni neno la haki. Hakumwadhibu mgonjwa, bali amelinda amana ya mtoaji. Tafauti ni hii: tabibu auliza, “Je, figo hii itaishi?” na mjomba auliza, “Je, mtu huyu ni mwema?” Suala la kwanza lina kipimo, na la pili halina ajuaye jawabu yake illa Mwenyezi Mungu.

Na lau wema ungekuwa ndio sharti, ni nani kati yetu angetibiwa? Katika sababu kubwa za maradhi ya figo ni kisukari na presha. Mzee aliyekatazwa chumvi na daktari, naye ala achari kila siku. Aliyekatazwa sukari, naye hapitwi na sahani ya halua. Hao wakiugua twasema ni kadari ya Mungu, tukawasomea dua. Akiugua kijana wa unga twasema ni mkono wake. Mizani hii ina jiwe chini yake.

Lipo jambo jingine limetufikia, kwamba kijana huyu bado hunywa methadoni, na kwa hivyo jamaa wamwita mvuta unga hata sasa. Dawa hii ilianza kutolewa Kenya katika hospitali ya Mathari mwaka 2014, na Malindi mwaka 2015, kwa kipimo na mbele ya macho ya wauguzi. Sisi twaona anywaye dawa kwa kipimo cha tabibu ili aepukane na haramu ni mgonjwa ajitibuye. Kumtukana kwa dawa yake ni kumrudisha kichochoroni.

Jawabu yetu kwa ndugu zetu wa Kitengela ni hii. Wazee hawana haki ya kumzuia dada kwa hoja ya dhambi ya nduguye. Dada naye halazimiki. Akitoa ana thawabu kubwa, na akikhofia nafsi yake akarudi nyuma, hata siku ya kupasuliwa, hana dhambi wala asiaibishwe. Wote wawili na wapimwe na matabibu, na neno la matabibu lifuatwe. Kijana na ashikamane na toba yake na dawa zake. Na wazee, badala ya kufunga mlango, na waandike orodha ya michango, kwani twajua kwamba ukoo huu huu huchanga maelfu kwa harusi ya siku tatu.

Na ninyi wa misikiti yetu ya pwani, kijana wa unga akija safu ya mwisho, nguo zake zimechakaa, msimkazie macho mpaka akatoka. Huenda ile ndiyo siku aliyoikata safari yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awathubutishe waliotubu, na atutoe ugumu wa nyoyo. Wallahu aalam.

Wassalamu alaykum.