Deni la Aliyechonga Kinyago

Baba Krismasi, yule mzee wa ndevu nyeupe na joho jekundu, hana kwao Nachingwea wala Ruangwa. Desemba humkuta katika maduka makubwa ya Dar es Salaam akipigwa picha na watoto. Huku Lindi ya ndani Krismasi ni ibada, pilau na nguo mpya, na Idd ni hivyo hivyo. Ni nadra mzazi wa kijijini Mnero alazimike kueleza mzee huyo huingiaje ndani usiku na zawadi anazitoa wapi. Lakini swali lenyewe, kama mtu mzima amwambie mtoto ukweli au amwache aamini kiumbe kilichotungwa na watu wazima, kusini lilijulikana kabla wamisionari hawajaleta Krismasi. Na jibu ambalo wazee walilijenga ndani ya jando lina hekima kuliko la Ulaya, ingawa lina kasoro moja ambayo hatuna sababu ya kuendelea kuivumilia.

Tuwatazame midimu, wachezaji wa vinyago. Katika nchi hii ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mavuno yakishaingia ghalani na kiangazi kikishika, wavulana huingia jandoni na wasichana huchezwa unyago. Kwa Wamakonde hasa, katika sherehe hizo hutokea mchezaji aliyefunikwa mwili mzima kwa nguo, usoni amevaa kinyago cha mti mwepesi kilichobandikwa nywele za binadamu na kutiwa chale kwa nta. Mwingine huja juu ya ngongoti, mrefu kupita mapaa ya nyumba. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, alirudi Leipzig na vinyago vya aina hiyo. Watoto na wanawake waliambiwa kwamba huyo si mtu, ni mzimu, ni marehemu aliyefufuka. Mtoto alikimbia kweli na kulia kweli. Kisha siku yake ikafika. Huko jandoni, mbali na macho ya mama, mwari aliletwa mbele ya kile kilichomkimbiza miaka yote, kinyago kikavuliwa, na nyuma yake akaona uso unaovuja jasho, labda wa mjomba wake. Kuanzia hapo alihesabika miongoni mwa wanaojua, naye akapewa amana ya kuitunza siri.

Ninachokisifu ni kwamba uongo ule ulikuwa na siku yake ya mwisho, na walioumaliza ni wale wale waliouanzisha. Baba Krismasi hana siku hiyo. Mwaka 1994 Carl Anderson na Norman Prentice walichapisha huko Marekani utafiti juu ya watoto 52 waliokwisha kuacha kumwamini. Wengi waligundua wenyewe, wakiwa na miaka 7 hivi, kwa kuunganisha dalili moja na nyingine. Kwa jumla watoto waliupokea ukweli vizuri. Waliohuzunika zaidi ni wazazi. Matokeo hayo hutumiwa kumtetea Baba Krismasi: kama mtoto haumii, ubaya uko wapi? Mimi nayasoma vingine. Kama mtoto anafurahia kujua na mzazi ndiye anayesononeka, basi kilichokuwa kinatunzwa ni furaha ya mzazi, na mtoto aliachiwa peke yake kazi ya kuvua kinyago ambacho hakukichonga. Tunasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ndiyo, lakini kinamtisha ambaye hakukiona kikichongwa, na kwa hiyo aliyekichonga ana deni kwake. Deni hilo huiva siku mtoto anapouliza kwa dhati.

Sisemi watoto wanyimwe ngano. Sungura ana maneno mengi katika hadithi zetu, zimwi humeza kijiji kizima, na hakuna anayedanganywa, kwa sababu msimulizi alisema paukwa na watoto wakaitikia pakawa. Kwa kuitikia, mtoto ameingia hadithini kwa ridhaa yake. Waislamu, ambao ni wengi mkoani Lindi, wana visa viwili katika Sunan ya Abu Dawud vinavyoupambanua mpaka huu vizuri kuliko wanafalsafa wengi. Katika kimoja, Mtume anamkuta Bi Aisha na wanasesere wake, mmoja ni farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Anauliza: farasi ana mabawa? Aisha anajibu kwamba farasi wa Nabii Suleimani walikuwa nayo, na Mtume anacheka mpaka magego yanaonekana. Katika kingine, mama anamwita mwanawe Abdullah bin Amir aje ampe kitu. Mtume anamuuliza alikusudia kumpa nini, anajibu, tende, naye anamwambia kwamba kama asingempa chochote angeandikiwa uongo. Farasi wa vitambaa mwenye mabawa hana dhambi, ilhali ahadi hewa ya tende chache kwa mtoto mdogo ina dhambi. Hata Mtakatifu Augustino, alipoandika juu ya uongo mnamo mwaka 395, alianza kwa kuiweka mizaha kando, kwa kuwa sauti na uso wa msemaji humfahamisha msikilizaji kwamba ni mzaha. Kinachotenganisha mchezo na udanganyifu ni kama yule mdogo anajua, au walau anaruhusiwa kujua.

Kuna wanaotetea viumbe vya kutisha kwa hoja ya usalama: mtoto asipoogopa zimwi atatangatanga usiku. Hoja hii inavutia hasa katika nchi yenye hatari za kweli, na hapo ndipo inapoanguka. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda, waliripoti katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini, wengi wao kusini mashariki, Lindi ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, watu wanapolala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Huku onyo la mzazi ni uhai wa mtoto. Sasa mtoto aliambiwa ukipiga mluzi usiku unaita nyoka. Akapiga, nyoka hakuja. Akaambiwa zimwi liko nyuma ya choo; akachungulia, hakuna kitu. Baba yake anapomwambia asishuke kwenye dungu kabla hakujapambazuka, alipime vipi neno hilo? Na liko baya zaidi, ambalo halihitaji msitu: kumnyamazisha mtoto kwa kumwambia kwamba nesi atamchoma sindano. Mama huyo huyo kesho atambeba hadi kliniki na kumwambia asiogope. Chelsea Hays na Leslie Carver wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa umri wa shule waliodanganywa na mtu mzima, kwamba chumba cha pili kuna bakuli la peremende, walielekea zaidi kuchungulia walichokatazwa na kisha kukana kwamba wamechungulia. Uongo ule ulikuwa mdogo, nao walikuwa wamekwisha kuupokea kama ruhusa.

Pingamizi la wazee wa jando ni zito zaidi. Watasema ujuzi una umri wake, na kuchelewesha si kudanganya. Hapo nakubaliana nao nusu. Utaambiwa ukikua ni jibu la kweli, na mtu mzima ana haki ya kunyamaza. Lakini midimu hawakunyamaziwa, walitangazwa kuwa wafu. Na ile kasoro niliyoitaja ni hii: siku ya kuvuliwa kinyago ilikuwa ya wavulana tu. Msichana alichezwa unyago, akafundwa na nyakanga mambo mazito ya maisha, lakini juu ya kinyago alitakiwa aendelee kuamini mpaka kaburini. Watafiti wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji, wameandika kwamba wanawake walijua na wakajifanya hawajui. Yaani adabu ilimlazimisha mtu mzima kuigiza utoto maisha yake yote, na hilo halina utetezi. FRELIMO, iliyokuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo hapa hapa Nachingwea wakati wa vita vilivyoleta uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, haikuipenda siri iliyowatenga wanawake, na baadaye huko ng'ambo walitokea wanawake waliovaa mapiko, yaani vinyago hivyo, wenyewe na kucheza hadharani. Ngoma haikufa, na watu bado hujaa uwanjani kuitazama.

Linabaki la imani. Mzazi wa Ruangwa, Mkristo au Mwislamu, anaweza kuhofu kwamba mtoto akishajua midimu ni watu atauliza na juu ya Mungu. Na aulize. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaja akili ya kudadisi kuwa moja ya mambo ambayo elimu yetu lazima iyajenge, naye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Anayeihatarisha imani ni mzazi anayemtaja Mungu na zimwi kwa sauti ile ile na kwa lengo lile lile la kumnyamazisha mtoto. Siku hizi wavulana wengi wanatahiriwa hospitalini, na kwenye simu mtoto anamwona mchezaji wa midimu akifungwa nguo zake kabla ya ngoma, hivyo kazi ya kungwi imehamia kwa baba na mama. Mtoto wa darasa la pili akiuliza kama yule ni mtu, aambiwe ni mtu, na kama inawezekana apelekwe akaone kinyago kinavyofungwa, awe wa kiume au wa kike. Mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye hajauliza, ataendelea kukimbia kwa sasa, na wakubwa wake wanaweza kukimbia pamoja naye.