Rudisha Majibu Kijijini

Ulikwenda kijijini na dodoso. Mwenyekiti wa kitongoji akakupokea, ukapewa kiti. Mama mmoja akaacha kupepeta mahindi yake, akakujibu saa nzima: maji anachota wapi, analima ekari ngapi, watoto wangapi wameugua homa mwezi huu. Ukaandika, ukashukuru, ukapanda bodaboda ukaondoka.

Je, ulimrudishia jibu?

Tasnifu yako imepita. Imejalidiwa vizuri, iko kwenye rafu ya maktaba, tena kwa Kiingereza. Yule mama hadi leo hajui uligundua nini kuhusu kisima anachochotea maji.

Usiniambie hakuna fungu. Kurasa mbili za Kiswahili zinataka fungu gani? Nusu saa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji inataka mfadhili gani?

Usiniambie wewe ni mwanafunzi tu. Hilo "tu" ndilo linalokulaza!

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Wewe umekula. Umeshiba. Unarudi lini?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo. Somo la kwanza kufundishwa lilikuwa sheria. Chuo kilizaliwa katikati ya watu, baadaye kikahamia kampasi ya Mlimani. Nani alikwambia ukishapanda Mlima usishuke tena?

Kufundisha, kutafiti, kuhudumia jamii. Vyuo vyetu vinayataja yote matatu, lakini la tatu tumeligeuza siku moja ya fulana mpya: kufagia soko, kupiga picha, kupanda basi la chuo. Fagia, ni vizuri. Ila ufagio hauhitaji shahada. Jamii inangoja kile ulichosomea: wewe wa sheria, unangojwa na mjane anayenyang'anywa shamba; wewe wa uhasibu, na vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA; wewe wa uhandisi, na pampu iliyokufa.

Tena hayo yaingie ndani ya somo lenyewe, yapate alama, yawe mtihani.

Unadhani haiwezekani? Nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi yanayotoka kliniki. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20. Wapo wagonjwa ambao darubini iliwakosa, panya akawapata, wakaanza dawa. Huo ni utafiti, na kuna mtu anapumua kwa sababu yake.

Nenda Eldoret, Kenya. Chuo Kikuu cha Moi huwapeleka wanafunzi wa udaktari kwenye vituo vya afya vya vijijini, na kazi ya huko ni sehemu ya masomo yao.

Halafu nenda Mbinga, na huko uende kwa adabu. Wamatengo wanalima milima mikali kwa ngoro, mashimo yanayoshika maji na kuzuia udongo usiporomoke. Hawakufundishwa na profesa. Wazee wao waliyabuni vizazi vingi kabla ya chuo chochote nchini Tanzania, na watafiti wa Sokoine walikwenda kujifunza kwao. Umeelewa? Ukienda kijijini ukijiona umebeba elimu yote, utarudi mtupu. Kaa chini. Shika jembe. Uliza, nyamaza, sikiliza.

Na wewe mhadhiri! Unalalamika kwamba upandishwaji wa vyeo unahesabu makala, hauhesabu visima. Kweli. Lakini kwenye seneti ya chuo anakaa nani? Mitaala anaiandika nani? Kanuni zimeandikwa na watu kama wewe, na watu kama wewe wanaweza kuzifuta. Madesa yako yamezeeka, mifano yake ni ya nchi ambazo mwanafunzi hajazikanyaga, na nje ya geti la chuo kuna mtaa mzima wa mifano hai.

Unasubiri nini? Waraka? Semina elekezi?

Umri hausubiri semina. Miaka mitatu ya shahada inakimbia, na nguvu ulizonazo leo hutazipata tena ukiwa na mkopo wa nyumba na watoto wanne. Una akili. Una lugha ya watu wako. Una maabara, una maktaba, una mwalimu wa kumuuliza. Kilichobaki ni wewe kuamka.

Pendekezo lako la utafiti bado halijapitishwa? Lifunge. Wiki hii nenda kwa mtendaji wa kata iliyo jirani na chuo, uliza ni tatizo gani limewashinda, kisha urudi uandike swali lako upya.

Anza nalo hilo.