Kiini Kimekolea, Kuku Ana Njaa

Tuseme kuna mama wa Shinyalu anayefuga kuku wa gredi na kuuza mayai sokoni Kakamega. Wateja wanamlalamikia: "Mama, kiini chako kimepauka. Sisi tunataka kama cha kienyeji." Na yai la kienyeji lina bei. Basi anaacha chakula cha dukani, ambacho ni ghali, anawamwagia kuku mahindi ya manjano na majani ya sukuma wiki. Wiki mbili haziishi, kiini kimekolea. Wateja wamefurahi, na gharama imeshuka.

Kisha maganda yanalainika. Mayai yanapungua. Kuku kadhaa wanachechemea, wengine hawainuki kabisa. Afisa wa mifugo anafika na kuuliza kwanza: "Mama, hawa wanakula nini?"

Rangi ya kiini hutokana na karotenoidi, hasa luteini na zeaksanthini. Kuku hawezi kuzitengeneza mwilini. Huzipata kwenye mahindi ya manjano, nyasi na majani mabichi. Mahindi meupe, haya tunayosagia ugali, karibu hayana. Ndiyo maana kuku aliyeshiba chakula kamili chenye mahindi meupe hutaga yai la kiini kilichopauka, na protini yake haijapungua hata kidogo. Wala rangi hiyo si kipimo cha vitamini A, kwa kuwa luteini haigeuki kuwa vitamini A.

Anachohitaji kuku wa mayai ni chakula chenye protini karibu asilimia 16. Mahindi yana 8 au 9 tu. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, kuku huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Kuku wa mama huyu walikuwa wakitaga mifupa yao, na soko likawasifu.

Tamaa ya rangi imewahi kufika pabaya zaidi. Mwaka 2006 huko China, mayai ya bata yenye viini vyekundu yalikutwa na rangi ya viwandani iitwayo Sudan, iliyotiwa kwenye chakula cha bata.

Mfugaji, majani wape kuku, lakini juu ya chakula kamili, na chokaa ya mifugo isikosekane. Nawe mnunuzi, kabla hujalikataa yai kwa rangi ya kiini, gusa ganda lake, kisha muulize mama kuku wake wanalishwa nini.