Je, Kujieleza Katika CV ni Kujisifu?



Tangu Machi 2021, wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi nchini Saudi Arabia wanaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine kupitia mtandao wa Qiwa wakishatimiza mwaka mmoja, bila kungoja ruhusa ya bosi wa kwanza. Wafanyakazi wa nyumbani na madereva wa familia hawakuingizwa katika mpango huo. Hata hivyo, ndugu zetu wengi wa Riyadh na Jeddah sasa hukesha na simu mkononi wakijaza fomu za kazi. Wakifika penye neno "uzoefu", wanasita. Tangazo linataka miaka mitano. Wao wana miwili. Rafiki anasema, "Andika mitano, kila mtu anafanya hivyo." Wahenga nao wanasuta: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkristo afanye nini?

Tuanze na anayejipunguza, maana ndiye tunayemsahau. Dada amefanya kazi za nyumbani miaka sita. Ukimwuliza anajua nini, anajibu, "Mimi ni kadama tu." Lakini amepikia familia ya watu tisa, amemtunza bibi mwenye kisukari na kumpa dawa kwa saa yake, na amejifunza Kiarabu cha jikoni na cha sokoni. Kuyaficha hayo si unyenyekevu. Katika Mathayo 25, mtumwa aliyefukia talanta yake hakupongezwa kwa upole.

Mithali 27 inatuonya tusijisifu wenyewe, tuwaachie wengine. Basi tutenganishe sifa na ushuhuda. "Mimi ni mchapakazi hodari asiye na mfano" ni sifa. "Nimelea watoto wawili kwa miaka minne, nikiwapeleka shule na kuwapikia" ni ushuhuda. Sifa hupewa na mwingine; ushuhuda huutoa mwenyewe uliyekuwepo. Na mwajiri mwenye CV mia mezani huamini ushuhuda kuliko sifa.

Ila ushuhuda una amri yake, ile ya tisa: usiwe wa uongo. Watu husema miaka mitatu ya kuongeza haimuumizi mtu. Mwulize mgonjwa aliyelazwa chini ya muuguzi ambaye hajawahi kufanya kazi aliyoiandika. Ndiyo maana vyeti vya wauguzi huko huhakikiwa na chuo kilichovitoa kabla ya kusajiliwa. Na kifungu cha 80 cha sheria ya kazi ya Saudia kinamruhusu mwajiri kumfukuza bila kiinua mgongo aliyeghushi ili apate kazi.

Tuseme hatagunduliwa. Bado uongo unamfunga. Mshahara ukichelewa miezi miwili, ataenda kulalamika vipi, naye anajua faili lake lina nini? Aliyeingia kwa uongo amemkabidhi bosi fimbo ya kumchapia.

Na uongo ulioandikwa na ajenti je? Dada anafika Jeddah, kumbe fomu iliyojazwa Nairobi au Kampala inasema amewahi kufanya kazi Ghuba na anazungumza Kiarabu vizuri. Dhambi hiyo ni ya aliyeandika. Lakini lawama za jikoni zitamwangukia dada. Basi, kabla ya kutia sahihi, omba nakala, usome au usomewe. Ukigundua baadaye, sema mapema na kwa upole: "Hilo sikuliandika mimi, ninachokijua ni hiki, na kingine nitajifunza."

Kusema kweli si kusema kila kitu. Huwajibiki kuandika ugonjwa wa mama yako wala ugomvi uliokutoa kazi ya zamani. Kunyamaza si kudanganya, mradi ukimya wako haumhatarishi mtu.

Hatuwezi kuahidi kwamba mkweli atapata kazi kwanza. Wakati mwingine aliyedanganya hupita mbele, na mkweli akabaki na kodi ya nyumba. Hapo ndipo wajibu wa sisi wengine unapoanza. Anayejua kompyuta amsaidie asiyejua kuandika. Anayesikia nafasi asiifiche. Na anayeombwa kuwa mdhamini aseme aliyoyaona, asipunguze kwa wivu wala asiongeze kwa huruma.

Bwana atupe ujasiri wa kusema tulichokifanya, chote, na hicho tu. Amina.