Nilidanganya Kuhusu Harufu ya Tumbaku



Leo naanza na kuungama, ingawa ya kwenye kitubio nilishamaliza na padre. Wiki tatu zilizopita, kwenye kikao chetu cha vijana hapa Karatu, nilipewa mada ya fadhila ya kiasi. Nikasimama mbele ya watu kama thelathini nikasema tumbaku inanuka kama soksi za dereva aliyetoka Serengeti. Watu wakacheka sana. Shida ni kwamba siku nne tu kabla ya hapo nilikuwa nimenusa tumbaku nzuri kabisa, na pua yangu iliipenda.

Ngoja nieleze. Mimi kazi yangu ni kuongoza watalii. Msimu huu nilikuwa na mgeni, mzee wa Kiingereza mwenye kiko. Ndani ya gari hakuvuta hata mara moja, wala kule kreta. Alikuwa anasubiri jioni, tukisharudi lodge, anakaa barazani na kutoa kikopo chake. Jioni ya pili nikamuuliza anafanya nini, maana alikuwa ananusa lile kopo kama mama anayechagua dagaa sokoni.

Akasema anaionja. Mimi nikashangaa, kumbe tumbaku nayo inaonjwa? Kuonja kahawa sisi tunakujua, mashamba yapo pale juu upande wa Oldeani, na kuna watu kazi yao ni kufyonza kahawa kwa kijiko na kutema. Lakini tumbaku!

Basi akanionyesha. Kwanza macho: majani mengine yalikuwa ya rangi ya dhahabu, mengine ya kahawia yenye ukijani kwa mbali. Yale ya dhahabu ni Virginia, hayo mengine ni ya Mashariki, ambayo wengi wanaiita ya Kituruki. Halafu pua. Akaniambia nifumbe macho. Nilisikia nyasi kavu za mwezi wa nane, zabibu kavu, na nyuma yake kitu chenye uchachu kidogo, kama ngozi mpya na viungo vya pilau kwa pamoja. Kisha akajaza kiko bila kushindilia, akawasha, akaacha uzime, akawasha tena. Moshi haushuki kifuani, unakaa mdomoni tu, na unavuta polepole kwa sababu Virginia ukiiendea mbio inaunguza ulimi. Unaonja mwanzo, unaonja katikati, unaonja mwisho kabisa kwenye kitako cha kiko, na kila mahali ladha ni nyingine.

Nikamuuliza, sasa hii ni nzuri? Akafikiri kwanza. Akasema mwanzo ni mzuri sana, katikati ile ya Mashariki inapotea, mwisho ni mchungu. "Na daktari wangu amenikataza," akamalizia. Yote aliyasema kwa sauti ile ile, bila kujitetea wala kujilaumu. Lilinikaa kichwani hilo.

Hiyo Virginia, kwa taarifa yako, ina jina la Marekani lakini inalimwa hapa kwetu. Ndiyo ile wakulima wa Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya wanaiita tumbaku ya mvuke. Jani linaning'inizwa ndani ya bani, joto la moto linapitishwa kwenye mabomba, na kwa siku za mwanzo wanga wa jani unageuka kuwa sukari. Ndiyo maana ina utamu. Ile ya Mashariki inatoka Uturuki, Ugiriki na nchi za jirani na hizo, majani madogo madogo ya ardhi kavu, yanakaushwa na jua tu. Haina nguvu sana ila ina manukato mengi.

Kule Tabora kuna mtu anaitwa mteuzi. Mkulima analeta marobota yake sokoni baada ya miezi ya kitalu, kupalilia, kukata kuni na kukesha kwenye bani. Mteuzi anatazama, anashika, anataja daraja. Basi. Daraja hilo ndilo ada ya shule au ndiyo deni la mbolea. Mteuzi akisema jani zuri ni bovu, kuna mtu analala njaa. Akisema bovu ni zuri, anamwibia mnunuzi. Kwa hiyo hana ruhusa ya kutaja daraja kwa kufuata anachotaka kitokee baadaye. Anatakiwa aseme jani lilivyo.

Na mimi kwenye kikao nilifanya nini? Nilitaja daraja la uongo, kwa nia njema.

Baada ya kikao alinifuata kijana mmoja wa bodaboda, mdogo wangu kabisa kwa umri, akaniambia nje pale kwenye pikipiki yake: "Kaka, mimi naweka ugoro chini ya mdomo, mwaka wa pili huu. Nataka kuacha. Lakini uliposema inanuka nikajua hujui unachoongea, nikaacha kusikiliza." Hakuwa na hasira. Akawasha pikipiki akaenda kutafuta abiria. Nilibaki nimesimama.

Nikaenda kusoma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku kwa jina, kwenye fungu moja na chakula, pombe na dawa, na inachokataza pale ni kupita kiasi. Haisemi kwamba ladha ni uongo. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye Summa yake, anapozungumzia kiasi anasema kuna kasoro pande zote mbili. Upande mmoja yupo anayeendeshwa na raha, huyo tunamjua. Upande wa pili yupo anayekataa raha yenyewe kana kwamba Mungu alikosea kuiweka, na hilo nalo analiita kosa. Halafu anaongeza, na hapa ndipo nilipotulia, kwamba kujinyima kwa ajili ya afya au kwa lengo jema ni jambo la kusifiwa. Sasa utajinyimaje kitu ambacho umeshajiaminisha ni takataka? Mtu akiacha kula soksi hajafunga.

Nikakuta pia kwamba Kanisa na tumbaku wametoka mbali. Mwaka 1642 Papa Urbano wa VIII aliipiga marufuku ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla kule Hispania, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa, kwa sababu watu, hata mapadre, walikuwa wakiitumia mpaka kwenye ibada. (Hebu fikiria padre anapiga chafya za ugoro altareni.) Mwaka 1725 Papa Benedikto wa XIII akalegeza makatazo ya namna hiyo. Halafu mwaka 2017 Papa Fransisko akaamua kuwa kuanzia 2018 Vatikani isiuze tena sigara, ingawa zilikuwa zinaiingizia fedha, kwa sababu haiwezekani kushirikiana na kitu kinachodhuru afya za watu. Hili la mwisho ndilo zito zaidi kwangu. Wale wa zamani walilinda altare. Huyu alitazama mapafu ya mnunuzi.

Kwa hiyo nikajikuta na sentensi mbili ambazo zote ni kweli: inanukia vizuri, na inaua. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Mimi nilidhani ili kuitetea ya pili lazima niifute ya kwanza.

Hapo bado kuna kile kikopo. Siku ya kuondoka, mgeni alinipa kimoja ambacho hakijafunguliwa, akasema nimpelekee babu yangu. Kosa langu mwenyewe. Tukiwa chini kreta, pale Ziwa Magadi, aliniuliza jina lina maana gani, nikamweleza kuwa magadi ndiyo tunayotia kwenye maharage yaive haraka, na ndiyo babu yangu anayoitwanga pamoja na tumbaku kutengeneza ugoro. Akafurahi sana. Akataka babu aionje ya kwake na atoe hukumu, mtaalamu kwa mtaalamu.

Babu yangu, aako kama tunavyosema Wairaqw, ana miaka themanini na kitu. Ugoro ananunua majani mwenyewe kwenye mnada wa tarehe 7, harufu kwanza, bei baadaye. Na tangu Kwaresima ana doa jeupe ndani ya mdomo, mahali pale pale anapouweka. Baba akaniambia kikopo kile nikitupe chooni, nisimwambie mzee chochote. Mama akanyamaza, ambayo kwa mama ina maana yake.

Nilikaa nacho kwenye gari siku nne. Kumpelekea ni kumwongezea sumu. Kukitupa ni kumwamulia mzee wa miaka themanini kama mtoto, tena kwa kumficha zawadi yake. Mwishowe nikaenda nacho, na nikaamua nitasema yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeleta nini, mbona unakificha?"

Nikampa. Nikamwambia imetoka kwa nani, na nikamwambia vilevile kuwa baba hataki, na kuwa mimi naogopa lile doa. Akafungua. Akanusa muda mrefu kuliko yule mgeni. Akachukua majani kidogo, akayasugua kiganjani, akaweka ulimini, akatema.

"Hii ni tumbaku ya harusi," akasema. "Tamu. Inanukia. Haina kazi."

Hukumu sahihi kabisa, kwa kweli. Magadi yanaifungua nikotini iingie kwenye damu haraka kupitia ngozi ya mdomo na ya pua, ndiyo ile kazi anayoizungumzia. Jani la sukari bila magadi, kwake ni peremende.

Nikamuuliza kama ugoro wake ni mzuri. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. Akasema ni mzuri, tena sana, kwamba wazee wenzake waliobaki anakutana nao kwa ajili yake, unagonga kifuniko, unampa mwenzio kwanza, mnaongea. Akanikumbusha kuwa Wamaasai wa kule juu huwezi kwenda kuposa kwao bila tumbaku ya mzee. Akanyamaza. Halafu akasema: "Na doa nimelijua kabla yenu. Ulimi ni wangu. Mlidhani silioni? Mlikuwa mnasubiri nani aseme?"

Kwa nini hakusema yeye? Nilimuuliza. Akajibu kwamba kila mjukuu aliyekuja kumwambia aache alianza kwa kusema ugoro ni uchafu, na yeye hawezi kuzungumza habari ya mdomo wake na mtu anayeuita urafiki wake wa miaka hamsini uchafu. Angalau mimi, alisema, nimeleta kikopo na hofu kwa mkono mmoja.

Sitaki mseme nimempamba babu. Hajaacha. Siku ile ile aliweka kidonge chake cha ugoro nikiwa nimekaa, nikanyamaza, na sijui kama nilifanya vyema kunyamaza. Ila alikubali kwenda hospitali, jambo ambalo baba amelipigania tangu Pasaka. Walikata kinyama kidogo wakapeleka kupimwa.

Jumapili iliyopita niliomba dakika tano kwenye kikao. Nikasema nilidanganya, tumbaku niliyonusa ilikuwa inanukia zabibu kavu na pilau, na bado sitaivuta, nikaeleza kwa nini, nikaeleza na doa la babu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu mmoja wa katekesi hakupendezwa, alisema nawafungulia wadogo mlango, na ninamwelewa, ana watoto wa miaka kumi na minne pale. Yule wa bodaboda alikaa nyuma mpaka mwisho. Ananipigia simu jioni sasa, saa ile ambayo hamu inamshika, tunaongea mambo ya Simba na Yanga mpaka ipite. Siku nyingine haipiti.

Majani ya mgeni babu alinirudishia nikayafukie shambani. Kikopo amebaki nacho, anasema kinafunga vizuri kuliko chake. Majibu ni Alhamisi, nampeleka mimi, na ameshaniambia kikopo anakwenda nacho.