Mla Cha Mwenzio na Chako Huliwa: Na Nani?

Nilikuwa na miaka minane, nyumbani kwa bibi yangu Ngamiani, Tanga, nilipokula kisicho changu. Samaki mwenyewe kakaangwa kwa chumvi na ndimu tu, kafunikwa kawa, kawekewa binamu yangu aliyekuwa chuoni. Nilitaka kuonja ngozi. Ngozi ikauita mnofu, mnofu ukaniachia miiba. Jioni bibi hakunipiga wala hakugomba. Alipakua wali, akachukua kipande cha kwangu, akamtupia paka.

"Mla cha mwenzio na chako huliwa."

"Bibi, si ungempa mwenyewe?"

"Mie nimesema kitaliwa. Nimesema na nani?"

Shuleni tulifundishwa kwamba methali hii ni ya kisasi: ukimdhulumu mtu, naye atakudhulumu. Bibi aliisoma vizuri kuliko mwalimu. Neno lake zito ni la mwisho, huliwa, na baada yake hapana "na fulani". Methali inamuahidi mla kwamba atapoteza. Aliyeliwa haikumuahidi kitu.

Sijaona mahali ilipotimia waziwazi kama katika nyumba moja ya milima ya Usambara, nyuma ya Tanga yetu hii. Tom Prince, mzaliwa wa Mauritius wa mwaka 1866, baba Mwingereza na mama Mjerumani, alikuwa afisa wa jeshi la Kijerumani. Askari walimwita Bwana Sakarani, yaani mlevi. Ulevi wenyewe, husemwa, ulikuwa wa vita na si wa pombe. Oktoba 1894 alikuwa miongoni mwa walioivunja ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga. Miaka miwili baadaye alirudi Uhehe kulijenga boma la Iringa, safari hii akiwa na mke. Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa hapohapo Iringa.

Mke huyo ni Magdalene, wa ukoo wa von Massow, miongoni mwa wanawake wa mwanzo wa Kijerumani kukaa bara. Mwaka 1903 alitoa kitabu kilichotokana na shajara yake. Yeye hakupiga risasi, na hapo ndipo methali inaponikamata koo. Mla ni nani? Ni aliyenyang'anya, au hata aliyekaa mezani akakuta sahani imejaa? Kwa Kiswahili hakuna utata. Kula ni kula, na paka wa bibi hakuulizwa samaki katoka wapi. Lakini mtu si paka. Mtu anaweza kuuliza.

Mwaka 1900 Prince aliacha jeshi, wakahamia Usambara, na shamba wakaliita kwa lile jina la utani: Sakarani. Huko wakalea watoto. Ukiitazama familia hiyo peke yake utaona jasho la kweli na mapenzi ya kweli. Ila shamba la mlowezi halikulimwa na mlowezi. Kuanzia mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, iliweka utaratibu wa kipande, yaani kadi ya kazi: mwanamume Msambaa alitakiwa siku 30 za kazi kwa Mzungu katika kila miezi minne. Hizo siku 30 zilitoka nyumbani kwa mtu. Palikuwa na migomba ya kupalilia, paa la kuezeka, mtoto wa kubebwa, na mke aliyebaki na jembe peke yake. Maisha ya familia moja yalipumzika juu ya mgongo wa familia nyingine.

Hapa neno "mwenzio" linauma zaidi kuliko "huliwa". Methali ingeweza kusema cha mtu, au cha mgeni. Imesema mwenzio, yaani mlio sawa naye, na hata mke au mume humwita mwenziwe hivyohivyo. Kosa la kwanza la mla limo humo, kabla hata hajatia mkono sahanini: hamwoni yule kuwa mwenziwe. Ukoloni wote ulisimama juu ya kukataa neno hilo moja.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Prince alitoka shambani akaongoza walowezi wa kujitolea. Agosti aliitwaa Taveta. Mwanzoni mwa Novemba, Waingereza walishusha Ras Kasone, hapa Tanga, kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Askari wa upande wa Wajerumani waliowangoja mjini, wengi wakiletwa kwa reli ya Moshi, walikuwa kama 1,000. Tanga tunapenda kusimulia nyuki waliowatimua wavamizi, na nyuki walikuwepo kweli. Prince ndiye tunayemsahau. Alianguka tarehe 4, mtoto wa Mwingereza akiuawa na jeshi la Mwingereza, upande wake ukiwa unashinda. Magdalene akawa mjane. Wajane wa Kalenga walikuwa wamemtangulia kwa miaka 20, nao walikuwa wenziwe katika hilo, akijua asijue.

Baada ya vita Waingereza waliwarudisha Wajerumani kwao, wakayashika mashamba kama mali ya adui na kuyapiga mnada. Wanunuzi wengi walikuwa Wagiriki na Wahindi. Chao kikaliwa, kama ilivyosemwa. Msambaa wa kipande alisimama palepale aliposimama binamu yangu jioni ile, akimtazama paka. Katika habari hii yote, kitu ninachokijua kuwarudia wenyewe ni fuvu lililoletwa Kalenga mwaka 1954 kuwa ndilo la Mkwawa, na hata hilo wapo wanaolishuku.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeitumia methali hii kumtuliza aliyedhulumiwa, eti "ngoja, naye yatamfika". Yatamfika, ndiyo. Wewe utakula nini?

Sakarani ipo mpaka leo, karibu na Soni, mikononi mwa watawa wa Kibenediktini. Wana makadamia, na wanatengeneza mvinyo. Mahali palipoitwa kwa jina la mlevi, na chupa inauzwa kwa jina hilohilo. Bibi angecheka mpaka kanga imdondoke.